Wadai wa Kisangani

Dieudo Hamadi hakurekodi hata dakika moja ya vita vilivyozaa filamu yake maarufu kuliko zote. Alizaliwa Kisangani mwaka 1984, na mizinga ilipoanza kulia mjini humo Juni 5, 2000 alikuwa bado kijana mdogo, akijificha kama wengine. Juni 10 mizinga ikanyamaza. Filamu ilitoka mwaka 2020. Kwa Kifaransa inaitwa En route pour le milliard, yaani safari ya kwenda kuidai bilioni, na aliyekaa kitako akisubiri milipuko na moshi ataisubiri hadi mwisho.

Atakachokiona ni watu wanaodai. Sijui neno jingine linalowafaa zaidi. Mmoja hana mguu, mwingine hana miguu yote miwili, mwingine mkono umeishia kwenye kiwiko, na wote wana hesabu moja mkononi: tulipigwa, aliyetupiga anajulikana, dunia imekiri, basi tulipwe. Filamu nyingi kuhusu raia na vita huwapiga picha watu wakiwa wanaumia. Hii imewapiga picha wakiwa wanafuatilia jambo lao, na hapo ndipo ilipozishinda nyingi nilizowahi kutazama.

Kwa msomaji aliyesahau, au aliyekuwa hajazaliwa, hadithi yenyewe ni hii. Agosti 1998 majeshi ya Uganda na Rwanda yaliingia Kongo upande mmoja, yakiwaunga mkono waasi wa RCD dhidi ya Rais Laurent-Désiré Kabila. Haukupita mwaka waasi wakagawanyika. Kundi moja lilibaki Goma chini ya kivuli cha Kigali. Jingine likaelemea Kampala likiongozwa na Profesa Ernest Wamba dia Wamba, ambaye waliosoma historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanamkumbuka kama mwalimu wao. Wafadhili nao wakaanza kutazamana kwa jicho la husuda. Kisangani ulikuwa mji wa almasi, wa bandari ya mto na wa uwanja wa ndege, na hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake. Walipigana Agosti 1999, wakapigana tena Mei 2000, kisha Juni wakapigana siku sita mfululizo, Waganda wakiwa ng'ambo ya Mto Tshopo na Wanyarwanda wakiwa katikati ya mji, makombora yakipita juu ya mapaa ya watu wasiohusika na ugomvi wao.

Yalianguka makombora zaidi ya 6,000. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokwenda kutathmini hasara ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa na wapatao 1,700 waliojeruhiwa; wenyeji wanasema waliokufa ni wengi kuliko hapo. Nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibiwa au kubomolewa, shule 69 zilipigwa, na watu kiasi cha 65,000 walikimbilia msituni. Nchi mbili za kigeni zilipigana ndani ya nchi ya tatu, katika mji ambao raia wake hawakuwa wa upande wowote kati ya hizo mbili.

Siku sita baada ya mizinga kunyamaza, Juni 16, Baraza la Usalama lilipitisha Azimio namba 1304. Humo ndani liliandikwa wazi kwamba Uganda na Rwanda zinapaswa kufidia roho zilizopotea na mali zilizoharibiwa Kisangani. Baraza lile huwa halina haraka namna hiyo. Pengine lingekawia zaidi, watu wa Kisangani wasingejenga matumaini makubwa kiasi kile.

Hamadi alisomea udaktari kwanza, hapo hapo Kisangani, kabla kamera haijamteka. Filamu zake ndefu za mwanzo hazihusu vita kabisa: wanafunzi wanaohangaika na mtihani wa taifa, wapiga debe wa uchaguzi wa Kinshasa. Kilichomrudisha kwenye Vita vya Siku Sita ni mtu mwingine kabisa, afisa wa polisi aitwaye Honorine Munyole, ambaye raia wa mashariki ya Kongo wanamwita Mama Kanali. Filamu inayomhusu, Maman Colonelle, ilitoka mwaka 2017. Inamfuata akihamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani, mwanamke wa makamo mwenye bereti na mkoba, kazi yake kulinda wanawake na watoto walionajisiwa au kuteswa. Huko Kisangani anakutana na wanawake waliobakwa mwaka 2000 na hawajawahi kusikilizwa na yeyote. Anatafuta jengo la kuwahifadhi. Anaingia mitaani kuwaombea mchango kwa wananchi, na majibu si ya ukarimu aliotarajia, maana anaowaomba nao ni wa mji ule ule na walipigwa na makombora yale yale.

Hadhi ya Maman Colonelle iko hapo. Filamu haimfanyi ofisa huyu kuwa malaika wala haiufanyi mji kuwa na roho mbaya. Inaonyesha tu kwamba vita vikishafika mahali, huruma nayo inakuwa bidhaa adimu, na watu wanaipima kabla ya kuitoa. Ni katika kuitengeneza filamu hii ndipo Hamadi alipokutana na chama cha majeruhi wa Vita vya Siku Sita, watu wa mji wake mwenyewe ambao alikuwa hajui kwamba bado wanakutana, wanaandikiana barua na wanapanga safari.

Safari yenyewe ni ya Mto Kongo. Kutoka Kisangani hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,700 za maji, na asiyeweza kulipia ndege hupanda boti. Boti walilopanda ni la mbao, refu, limejaa watu na mizigo, juu limefunikwa maturubai. Mtu mwenye miguu miwili anapata taabu humo. Mwenye mguu mmoja na magongo anajifunza upya kila kitu: namna ya kuvuka ubao uliolowa, namna ya kujisogeza kwa makalio hadi jikoni, wapi pa kuuweka mguu wa bandia usiku ili usipotee wala usikanyagwe. Hamadi hasimulii lolote kati ya hayo. Kamera yake iko chini, usawa wa waliokaa, na sisi tunaona miguu ya bandia imelazwa kando ya masufuria kama chombo kingine chochote cha safari.

Mvua inapiga. Mvua ya mtoni haimwonei mtu huruma. Upepo unaingia chini ya maturubai, kila mwenye mkono anakamata pembe, maji yanatiririka hadi penye magodoro. Wanapiga kelele, wanacheka, wanalaumiana. Baadaye wanabishana kuhusu safari yenyewe: nani aliwaahidi nini, wakifika wataingilia mlango gani, na je, kuna mtu yeyote Kinshasa anayewasubiri. Kwa Kiswahili na Lingala, lugha zinazokimbizana sentensi moja hadi nyingine kama zinavyofanya Kisangani kila siku. Mtu wa Kigoma au Bujumbura atashika mengi bila kusoma maandishi ya chini.

Katikati ya safari filamu inakatika, na wale wale tunaowaona botini wanatokea jukwaani. Kuna giza, kuna taa, na wao wanaigiza yaliyowapata. Wapo watakaoona kwamba vipande hivi vya tamthilia vinapunguza kasi ya safari. Mimi naona ndivyo vinavyoibeba filamu. Mwongozaji wa kawaida angemkalisha mama aliyekatwa mguu kwenye kiti, angewasha taa usoni, angemuuliza: siku ile ulikuwa wapi? Mama angelia, na kilio kingetosha. Mashariki ya Kongo kuna wanawake waliokwisha kuulizwa swali hilo na waandishi, na mashirika, na watafiti, na waongozaji wa filamu, hadi wanajua ni sentensi ya ngapi mgeni ataanza kutikisa kichwa. Jukwaani mambo ni tofauti. Maneno wameyapanga wenyewe, wanajua wataanzia wapi na watanyamaza wapi, na wakiamua kutulilia mbele yetu, kilio hicho ni chao.

Kinshasa inawapokea kama inavyowapokea wengi. Nchi ilikuwa kwenye joto la uchaguzi wa Desemba 2018, kila mheshimiwa akitafuta kura na kiti. Waliofika na magongo walisimama mbele ya Palais du Peuple, makao ya Bunge, na getini kulikuwa na walinzi. Kamera inakaa upande wa nje wa geti pamoja nao. Hamadi angeweza, nadhani, kutafuta mbunge wa kumhoji, akatupatia maelezo ya upande wa pili kama wanavyofundisha vyuoni. Hakufanya hivyo, na alikuwa sahihi. Upande wa pili umekuwa na miaka ishirini ya kuzungumza.

Hapa niingize jambo la ushahidi, kwa sababu filamu za aina hii mara nyingi huchanganywa na ushahidi wa mahakamani, na si kitu kimoja. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga wa Ituri kwa kuandikisha watoto jeshini, hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo. Mashahidi wengi walioletwa kama askari watoto wa zamani hawakuwaridhisha majaji. Maelezo yao yaligongana, na mahakama ikakataa kuyategemea. Kilichosaidia sana ni mkanda wa video wa Februari 12, 2003, unaomwonyesha Lubanga akitembelea kambi ya Rwampara na kuzungumza na wapiganaji wake, baadhi yao wakiwa watoto dhahiri machoni pa yeyote. Mkanda ule hauna sanaa yoyote. Una tarehe, una uso, una mahali, una sare. Mahakama haihitaji zaidi.

Filamu ya Hamadi haina hata kimoja kati ya hivyo. Haimtaji kamanda aliyeamuru kombora lipi lipigwe. Mwanasheria akiitazama ataona haina kazi. Lakini fuata kilichotokea The Hague kwenye kesi ambayo Kisangani ni sehemu yake, utaona pengo ambalo makaratasi yaliliacha. Kongo iliishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na Desemba 19, 2005 ikashinda: Uganda ilivunja sheria ya kimataifa na inawajibika kulipa fidia. Kiasi kikaachwa wakubaliane wenyewe. Hawakukubaliana. Kesi ikarudi, Kongo ikidai zaidi ya dola bilioni 11, na kwa upande wa vifo ikidai raia 180,000. Majaji wakauliza: ushahidi uko wapi? Fomu za wahanga zilizopelekwa hazikuwatosheleza. Hukumu ya Februari 9, 2022 ilikadiria vifo kuwa kati ya 10,000 na 15,000, ikatoa dola milioni 325 kwa jumla: milioni 225 kwa madhara waliyopata watu, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa maliasili zilizoporwa. Malipo ni ya awamu tano, dola milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022.

Fidia ya jumla, kwa hesabu ya jumla. Ukiisoma hukumu ile hadi mwisho hukutani na mtu. Si kosa la majaji. Kazi yao ni kupima kilichothibitishwa, na serikali iliyokaa na kesi kwa zaidi ya miaka ishirini haikuwaletea orodha inayosimama. Ndiyo maana nasema kamera iliyochelewa imefanya kazi ambayo waliokuwa na muda, magari na mihuri hawakuifanya: imewaketisha watu chini, mmoja mmoja, na kukaa nao.

Wako wanaopendelea njia nyingine. Thierry Michel, Mbelgiji aliyeirekodi Kongo kwa miongo kadhaa, alitoa L'Empire du silence mwaka 2021. Yeye anakwenda na Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, ile iliyoorodhesha matukio 617 ya uhalifu mkubwa kati ya 1993 na 2003, na anapita eneo baada ya eneo, kaburi baada ya kaburi. Kazi hiyo ilihitajika na naiheshimu. Ila nilipoitazama, ilifika mahali vijiji vikaanza kufanana, nikawa sikumbuki tena ni wapi walichomwa na wapi walipigwa kwa majembe. Wafu wanapokuwa wengi mno kwenye kioo, mtazamaji anajilinda.

Michel huyo huyo aliwahi kuonja gharama ya kazi hii. Mwaka 2015 filamu yake kuhusu Dkt. Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi ilipigwa marufuku na serikali ya Kinshasa. Msemaji wa serikali alidai inalichafua jeshi, na kwamba yaliyosemwa na mashahidi kwa lugha zao yalipotoshwa kwenye tafsiri. Marufuku iliondolewa mwezi uliofuata, baada ya makelele. Kwa mtazamaji wa Dar es Salaam au Nairobi kisa hicho ni habari ya siku moja. Kwa mwanamke aliyekubali kuonyesha uso wake kijijini Kivu, akijua nani atamwona, ni jambo la kumnyima usingizi. Msemaji wa serikali hakumtuhumu yeye kwa uongo. Alisema tu kwamba maneno yake si yake. Anayepiga picha mashariki ya Kongo hurudi zake Kinshasa, Brussels au Paris. Aliyepigwa picha anabaki na jirani.

Filamu ya Hamadi ilipata sifa zote ambazo filamu inaweza kupata kwenye mwaka mbaya. Ilichaguliwa rasmi Cannes 2020, ya kwanza kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na tamasha lenyewe likafutwa na korona. Toronto iliionyesha, na Leipzig ikaipa Njiwa ya Dhahabu, tuzo yake kubwa. Watu walioigiza maisha yao ndani yake walikuwa bado hawajapata kitu. Nakubali kwamba si haki kumdai mwongozaji fidia ambayo majeshi mawili yalipaswa kulipa. Hata hivyo aliyewahi kushika kamera mbele ya mtu mwenye shida anajua kwamba swali hilo halijibiwi kwa hoja; mtu yule anakutazama, na machoni mwake kuna matarajio ambayo hukuyaweka wewe lakini ndiwe uliyeyaamsha.

Kisha fedha zikaja kweli. Septemba 2022 Uganda ililipa awamu ya kwanza. Kinshasa ilikuwa na mfuko wa kuzigawa, FRIVAO, makao yake Kisangani, na kwa mara ya kwanza tangu Azimio 1304 wadai wale walikuwa na ofisi ya kugonga mlango. Kilichofuata hakuna mwandishi wa tamthilia angethubutu kukibuni. Kukawa na malalamiko kuhusu nani yumo kwenye orodha na nani kaachwa, na viongozi wa mfuko wakasimamishwa kazi mwaka 2024. Aliyewasimamisha, Waziri wa Sheria Constant Mutamba, akajiuzulu mwaka 2025 akituhumiwa yeye mwenyewe kwa takriban dola milioni 19 zilizohusishwa na ujenzi wa gereza jipya Kisangani. Fedha hizo zilitoka kwenye fungu la fidia. Mutamba alikana, akasema ni njama za kisiasa. Septemba 2025 mahakama ilimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha miaka mitatu cha kazi ngumu.

Gereza, kwa fedha za waliokatwa miguu. Ukitaka kujua kwa nini filamu kuhusu uhalifu wa vita haiwezi kuishia siku risasi ya mwisho ilipopigwa, huhitaji kwenda mbali zaidi ya hapo. Kombora lilianguka mara moja. Azimio lisilotekelezwa, kikao kilichoahirishwa, fomu iliyojazwa vibaya, orodha iliyochezewa: hayo yameendelea kuanguka kwa robo karne, na hakuna mpiga picha wa habari anayepanda ndege kwenda kuyarekodi, kwa sababu hayana moshi.

Upo upande mwingine wa deni ambao wadai wa Kisangani wanaujua vizuri na sisi majirani hatuuzungumzi sana. Hukumu ya 2022 inaihusu Uganda peke yake. Kongo iliishtaki Rwanda pia, lakini Februari 2006 mahakama ile ile ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo. Aliyepigwa na kombora lililotoka upande wa Wanyarwanda hana hukumu ya kushika, na waliokuwa wamejificha uvunguni Juni 2000 hawakuwa na namna ya kujua lililowapiga limetoka upande gani.

Miezi miwili baada ya hukumu, Aprili 2022, Kongo ilitia saini ya kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Julai ikawa mwanachama kamili. Mdai na wadaiwa wake wawili wakawa wanakutana Arusha, wakijadili ushuru na vitambulisho vya wasafiri. Januari 2025 waasi wa M23, ambao wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema wanasaidiwa na Rwanda, na Kigali inakana, waliuteka mji wa Goma. Kuna kamera nyingi Goma siku hizi, nyingi zikiwa za simu, na zinarekodi kila kitu.

Awamu ya mwisho ya malipo ya Uganda ilipangiwa Septemba 2026.